Vincent van Gogh: Mhubiri Aliyenena kwa Miti

Wengi walisikiao jina la Vincent van Gogh hukumbuka mambo mawili tu: ya kuwa alijikata sikio, na ya kuwa picha zake huuzwa kwa mamilioni. Yote mawili ni kweli, lakini hayatoshi kumjua mtu. Sisi twapenda kumsimulia msomaji habari zake kwa njia ya miti aliyoichora, maana ndani ya miti hiyo aliyaweka yale aliyotamani kuwaambia watu tangu ujana wake, akakosa mimbari ya kuyasemea.

Alizaliwa tarehe 30 Machi 1853 katika kijiji cha Zundert, kusini mwa Uholanzi. Baba yake alikuwa mchungaji wa Kiprotestanti. Alipokuwa na umri wa miaka 16 alitiwa kazini kwa wafanya biashara ya picha, akatumika The Hague, London na Paris, hata mwaka 1876 akaachishwa. Moyo wake ulikuwa umekwisha kugeukia dini. Alikwenda Amsterdam kujitayarisha kwa masomo ya uchungaji, lakini hakuyamaliza. Mwishoni mwa mwaka 1878 akaenda Borinage, nchi ya machimbo ya makaa ya mawe huko Ubelgiji, ili awahubirie wachimbaji. Huko aligawa nguo zake, akahama nyumba nzuri na kulala kibandani, akauguza wagonjwa. Wakubwa wake waliona amepita kiasi, tena hana ufasaha wa kuhubiri. Mwaka 1879 wakakataa kumwongezea muda wa kazi.

Basi, mtu huyu aliyeshindwa biashara, masomo na mahubiri alishika kalamu ya kuchorea mwaka 1880, naye amekwisha kuwa na miaka 27. Ndugu yake Theo, aliyefanya biashara ya picha mjini Paris, ndiye aliyemtunza kwa fedha hata mwisho.

Tangu mwanzo miti ilikuwa kwake kama watu. Mwaka 1882, alipokaa The Hague, alichora mizizi ya mti katika ardhi ya mchanga, na wakati ule ule akamchora mwanamke mja mzito aliyeachwa, amejiinamia katika huzuni. Alimweleza Theo kwamba katika picha zote mbili alikusudia jambo moja: mashindano ya kiumbe na maisha. Mizizi ile imeng'ang'ania udongo ingawa dhoruba imekwisha kuing'oa nusu. Mwaka huo huo alichora mwerebi mzee uliokatwa matawi, umesimama peke yake kando ya maji.

Mwaka 1886 alihamia kwa Theo mjini Paris, akaonana na kazi za Waimpresionisti. Hao walijitahidi kunasa nuru jinsi iangukavyo juu ya vitu kwa saa moja tu. Vincent alijifunza kwao rangi angavu, lakini hakuridhika na yaonekanayo kwa macho peke yake. Yeye na wenzake wa rika lake, kama Gauguin, walitaka rangi na mistari vitamke pia yaliyomo moyoni. Kwa hiyo shina laweza kupindwa kuliko lilivyo, na udongo waweza kutiwa rangi ya zambarau, ili mtazamaji ahisi alivyohisi mchoraji.

Mwezi wa Februari 1888 aliteremkia Arles, kusini mwa Ufaransa. Alikuta theluji, kisha bustani za matunda zikafunguka maua. Katika muda wa mwezi mmoja hivi alipaka picha kama 14 za miplamu, mipichi na milozi. Akiwa katika kazi hiyo alipata habari kwamba Anton Mauve, jamaa yake aliyemfundisha kupaka rangi, amefariki. Akachagua picha ya mipichi yenye maua ya waridi, akaandika juu yake jina la marehemu, akaipeleka kwa mjane. Mti uliochanua ukawa ndio salamu yake ya rambirambi.

Mwisho wa mwaka huo ugonjwa wa akili ulimwangukia, na usiku wa tarehe 23 Desemba akajikata sikio. Mwezi wa Mei 1889 aliingia kwa hiari yake hospitali ya wagonjwa wa akili huko Saint-Rémy, katika majengo yaliyokuwa zamani monasteri. Nje ya kuta zake kulikuwa na mashamba ya mizeituni na misaiprasi mirefu. Alistaajabu kwamba hakuna aliyekwisha kuichora misaiprasi kama alivyoiona yeye: myeusi katikati ya jua kali, imepanda juu kama ndimi za moto. Mti huo, ambao watu wa kusini huupanda makaburini, aliusimamisha mbele ya anga lenye nyota katika picha yake mashuhuri ya Juni 1889. Nchi na mbingu zimeunganishwa nao.

Lakini ni katika mizeituni tunapomfahamu zaidi. Huko Arles alikuwa amejaribu mara mbili kumchora Bwana wetu katika bustani ya Gethsemane, na mara zote mbili akaikwangua picha kwa kuwa hakuthubutu kumbuni moyoni tu. Mwaka 1889 rafiki zake Gauguin na Bernard walichora habari hiyo hiyo, naye hakupendezwa. Aliona kwamba uchungu waweza kuonyeshwa pasipo kuichora Gethsemane yenyewe. Akatoka, akaenda kwenye mizeituni iliyo hai. Alipaka picha zipatazo 15 za miti hiyo, kwa rangi nene na mapigo mafupi ya burashi. Mashina yamejikunja kama mtu mwenye maumivu, na udongo chini yake unafanya mawimbi. Bwana hachorwi, wala malaika. Lakini anayeujua usiku ule wa Alhamisi Kuu haoni shida kuutambua.

Wala hakujua huzuni tu. Theo alipopata mtoto tarehe 31 Januari 1890, akamwita Vincent, mjomba—ndivyo wengine wangekosea kumwita, kumbe ni baba yake mkubwa—alimpakia matawi ya mlozi yenye maua meupe juu ya anga la buluu, kwa kuwa mlozi huchanua mapema, kabla baridi haijaisha.

Mwezi wa Mei 1890 alihamia Auvers, karibu na Paris. Asubuhi ya tarehe 27 Julai alipaka mizizi na mashina ukingoni mwa barabara. Mwaka 2020 mtafiti mmoja alipatambua mahali hapo kwa msaada wa kadi ya posta ya zamani, karibu mita 150 kutoka nyumba ya wageni alimokaa. Jioni alirudi na jeraha la risasi kifuani, ambayo yaaminiwa alijipiga mwenyewe. Alikufa tarehe 29 Julai, mwenye umri wa miaka 37. Picha ya mizizi haikumalizika.

Kwa sababu ya namna ya kifo chake, paroko wa kijiji alikataa kuwapa gari la maiti, wakaazima la kijiji cha jirani. Hivyo ndivyo ilivyokuwa desturi kali ya nyakati zile. Katekisimu ya mwaka 1992 yatufundisha kwamba ugonjwa mkubwa wa akili hupunguza hatia ya mtu, na ya kuwa tusikate tamaa juu ya wokovu wa waliojiua, bali tuwaombee.

Theo alikufa miezi sita baadaye, nao wamelala bega kwa bega Auvers. Mhubiri yule aliyehesabiwa kuwa hana ufasaha ameacha mizizi miwili, ule wa 1882 na ule wa 1890, yote imeshikilia udongo kwa nguvu zake zote. Sisi tupitao karibu na watu wenye dhoruba ndani yao, mara nyingi tu wepesi kuyatazama matawi yaliyovunjika. Na tujifunze kuitazama mizizi.