Stanisław Ulam

Stanisław Marcin Ulam (13 Aprili 1909 – 13 Mei 1984) alikuwa mwanahisabati kutoka Poland aliyepata uraia wa Marekani. Anajulikana hasa kama mwanzilishi wa njia ya Monte Carlo, yaani kutafuta jibu la hesabu ngumu kwa kurudia majaribio mengi ya kubahatisha kwa kompyuta.

Maisha

Alizaliwa katika familia ya Kiyahudi mjini Lwów, wakati huo katika Austria-Hungaria (leo Lviv, Ukraine). Alipata shahada ya uzamivu mwaka 1933. Mnamo Agosti 1939 alisafiri kwenda Marekani pamoja na mdogo wake Adam. Siku chache baadaye Ujerumani iliivamia Poland. Baba yao na ndugu wengi waliobaki waliuawa katika Maangamizi ya Wayahudi.

Tangu mwaka 1944 alifanya kazi Los Alamos, maabara iliyounda bomu la nyuklia. Baadaye alishiriki kubuni bomu la haidrojeni. Alifariki mjini Santa Fe, New Mexico.

Njia ya Monte Carlo

Mwaka 1946 Ulam aliugua ghafla ugonjwa wa ubongo, akashindwa kusema vizuri na kufanyiwa upasuaji wa kichwa. Alihofia kwamba hataweza tena hisabati. Alipokuwa akipata nafuu alicheza karata peke yake, akajaribu kukokotoa uwezekano wa kushinda. Hesabu zilikuwa nyingi mno. Aliona ni rahisi zaidi kucheza mara 100 na kuhesabu mara alizoshinda.

Wazo hilo lilifaa pia kuchunguza mwendo wa neutroni. John von Neumann aliandaa mpango wa kulitekeleza kwa kompyuta ya ENIAC. Jina lilipendekezwa na Nicholas Metropolis kutokana na kasino ya Monte Carlo, nchini Monaco. Metropolis na Ulam walichapisha makala kuhusu njia hiyo mwaka 1949.

Matumizi katika elektroniki

Leo wahandisi huitumia kubuni saketi. Rezista iliyoandikwa ohm 1,000, yenye tofauti inayoruhusiwa ya asilimia 5, inaweza kuwa na ohm 950 hadi 1,050. Kompyuta huchagulia kila kipuri thamani ya kubahatisha ndani ya mipaka yake, hukokotoa utendaji wa saketi nzima, kisha hurudia mara maelfu. Idadi ya saketi zinazoshindwa humwonyesha mhandisi ubora wa mchoro wake kabla kiwanda hakijatengeneza hata moja.