John Napier na Kazi ya Kuzidisha

Sisi tunaojiandaa kufundisha Hisabati Mbeya na Iringa tuna la kujifunza kwa John Napier. Alizaliwa mwaka 1550 huko Merchiston, karibu na Edinburgh, Uskochi. Kwa kuona jinsi kuzidisha namba ndefu kulivyowachosha wakokotoaji, alifanya kazi miaka ipatayo 20, na mwaka 1614 akatoa majedwali ya logi, yaliyogeuza kuzidisha kuwa kujumlisha. Mwaka 1617, mwaka aliofariki, alichapisha maelezo ya vijiti vyake vilivyoandikwa majedwali ya kuzidisha. Leo programu ya kompyuta katika lugha ya C hupata logi asilia kwa amri moja, lakini mtoto haioni njia. Basi tuchonge vijiti hivyo kwa mianzi yetu, mwanafunzi avipange, ajumlishe, aione njia mwenyewe.