Shaaban Robert na Kalamu Zake Mbili

Hivi majuzi nilikuwa Bute, kaunti ya Wajir, si mbali na mpaka wa Ethiopia. Baada ya sala ya alasiri alinijia kijana wa kwetu pwani, karani katika ofisi moja ya serikali huko. Mkononi ana daftari la mashairi, na mfukoni, kwa maelezo yake, barua ya kuacha kazi. Yeye ataka kuwa malenga, na ukarani wamla siku zake. Akaomba nasaha yangu.

Sikumjibu papo hapo. Nilimsimulia habari za marehemu Shaaban Robert, Mwenyezi Mungu amrehemu.

Alizaliwa mwaka 1909 Vibambani, karibu na Tanga, akasoma Dar es Salaam, na mwaka 1926 akaingia ukarani wa forodha, Pangani na kwingineko, hadi 1944. Ndipo akahamishiwa idara ya wanyama huko Longido, nchi ya Wamasai. Hapo kijana aliinua uso. Longido ni kukavu, bahari iko mbali, na Kiswahili cha Tanga hakisikiki sokoni. Miaka hiyo ilikuwa ya Vita Vikuu vya Pili, naye akavitungia utenzi wa beti 3,000. Ulitoka kitabuni mwaka 1967, mwenyewe keshatangulia.

Mwaka 1946 alirudi Tanga, ofisi ya wilaya. Angali karani hapo, mwaka 1951 kikatoka Kusadikika, kisa cha nchi iliyo hewani ambako Karama anashitakiwa kwa kutaka kuwafundisha watu sheria. Wasomaji wengi wameiona humo sura ya ukoloni. Basi fikiri, msomaji: kalamu moja yaandika barua za serikali, na ya pili yaweka kizimbani watawala wasiosikia! Mkono ni ule ule.

Kwa nini asiache? Alikuwa na watoto. Mkewe Amina alifariki mapema, akamlilia kwa shairi. Bintiye akamtungia Utenzi wa Hati awe na wasia wa kushika. Lakini utenzi haununui unga.

Hata hivyo sisemi ukarani haukumdhulumu. Alistaafu mwaka 1960 kutoka ofisi ya upimaji wa ardhi, baada ya miaka 34 ya kazi. Juni 1962 akafariki, umri wake miaka 53. Miaka miwili tu ndiyo aliyoipata kuwa bwana wa siku zake. Hili huniuma kila nilikumbukapo. Na katika Utubora Mkulima, kilichochapishwa mwaka 1968, shujaa wake aacha kazi ya mshahara Unguja akashike jembe. Alimpa Utubora ruhusa ambayo yeye mwenyewe hakujipa.

Kijana akataka kujua mimi nilifanyaje. Nikamkiria kuwa katika umri kama wake niliacha kazi, na mwaka mzima nikawa nahesabu madeni badala ya mizani.

Magharibi ikaadhiniwa. Barua sikuiona ikitoka mfukoni. Daftari aliniachia, nikalisoma usiku ule hadi mwisho. Mengi ni ya mapenzi, ya kuigiza. Beti tatu ni nzuri kweli kweli, na zote tatu zahusu kisima cha Bute.