Mkuu wa Polisi Aliyezikamata Nyimbo

Ndugu msomaji, wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Wengi wetu tukiusikia msemo huu huwaza pesa na madeni ya dukani. Lakini je, wimbo nao si mali? Ukipotea, nani atajua kwamba ulikuwapo? Leo nataka tumjue mtu aliyesumbuliwa na swali hilo maisha yake yote. Jina lake ni Francis O'Neill, Mwairishi, mpuliza filimbi, baharia na hatimaye mkuu wa polisi wa jiji la Chicago kule Marekani.

O'Neill alizaliwa mwaka wa 1848 kijijini Tralibane, karibu na mji wa Bantry, kusini mwa Ireland. Aliingia duniani wakati mbaya. Tangu 1845 ugonjwa ulikuwa umeozesha viazi shambani, na viazi ndivyo vilivyokuwa ugali wa maskini wa nchi hiyo. Watu kama milioni 1 walikufa kwa njaa na maradhi, na wengine zaidi ya milioni 1 wakapanda meli kwenda ng'ambo. Kila mzee aliyezikwa na kila kijana aliyeondoka alikwenda na nyimbo zake kichwani, kwa maana nyingi hazikuwa zimeandikwa popote.

Wazazi wa Francis walikuwa wakulima wenye uwezo kidogo, kwa hiyo mtoto alisoma, tena alikuwa hodari darasani. Jirani mmoja alimfundisha kupuliza filimbi ya mti. Filimbi hiyo hushikwa kwa ubavu, mdomo ukipuliza tundu la kando na vidole vikifunga na kufungua matundu 6. Jambo moja hakufundishwa: kusoma na kuandika nota za muziki. Alishika kila kitu kwa sikio. Kumbukeni jambo hilo, maana tutalirudia.

Alipofika umri wa miaka 16 hivi, kijana wetu alitoroka nyumbani akaenda kuwa baharia. Alizunguka dunia hasa, si mchezo. Kabla hajafikisha miaka 20, meli aliyokuwamo ilivunjika kwenye kisiwa cha Baker, katikati ya bahari ya Pasifiki, mahali ambapo ni mchanga na ndege tu. Baadaye meli nyingine ndogo ikapita na kuwaokoa. Lakini safari ya kwenda Honolulu ilichukua siku 34 na chakula kilikuwa haba mno.

Basi sikilizeni maajabu. Mmoja wa mabaharia wa meli hiyo, mwenyeji wa visiwa vya Hawaii, alikuwa na filimbi nzuri. O'Neill akaiomba, akapuliza nyimbo za kwao. Yule jamaa alifurahi hata akawa anamgawia chakula chake kila siku. Walipofika nchi kavu, wengi wa wale waliookolewa walikuwa hoi, wakapelekwa hospitali. O'Neill alishuka kwa miguu yake mwenyewe, mzima kabisa. Kumbe nyimbo alizozichukua burebure kijijini zilimlisha baharini!

Baada ya kuchunga kondoo California na kufundisha shule Missouri, alimwoa Anna Rogers, msichana wa Kiairishi, mwaka wa 1870. Wakahamia Chicago, naye akaingia polisi mwaka wa 1873. Hata miezi miwili haijaisha, mwizi akampiga risasi. Aliponea chupuchupu, lakini risasi ile ilibaki mwilini, karibu na uti wa mgongo, hadi alipokufa. Alipanda cheo baada ya cheo, na mwaka wa 1901 akawa mkuu wa polisi wa jiji zima, jiji lenye watu zaidi ya milioni 1.6.

Sasa tuje kwenye kiini. Waairishi wa Chicago walikuwa wametoka kila pembe ya nchi yao. Kule nyumbani, mtu wa kusini angeweza kufa bila kusikia wimbo wa mtu wa kaskazini. Hapa Chicago walikuwa majirani. Mmoja alikuwa na fidla, mwingine filimbi, mwingine zumari ya mfuko inayojazwa upepo kwa kubanwa na kiwiko. O'Neill akatambua mambo mawili: kwamba hazina ya taifa zima imekusanyika mahali pamoja, na kwamba wenye hazina hiyo wanazeeka, huku watoto wao wakipenda muziki mwingine.

Lakini angeandikaje, naye nota hazijui? Hapo ndipo ninapomheshimu mzee huyu. Hakuona haya kutafuta msaada. Palikuwa na mpiga fidla aitwaye James O'Neill, ambaye asili yake ilikuwa kaskazini mwa Ireland. Majina yao yalifanana tu. Huyu alijua nota barabara. Francis alikuwa akisikia wimbo, anaushika kichwani, kisha anakwenda kwa James na kuupuliza polepole mpaka uandikwe. James naye aliingizwa polisi. Wazee wengine walikuwa wachoyo wa nyimbo zao, hawakutaka kuzitoa ovyo, lakini Francis alikuwa na subira, tena alikuwa na masikio ya ajabu.

Kazi hiyo ilizaa kitabu mwaka wa 1903, chenye nyimbo 1,850. Cha pili kilitoka mwaka wa 1907, chenye nyimbo 1,001 za kuchezea ngoma. Wakosoaji hawakukosa. Walisema humo mna makosa, na kwamba nyimbo nyingine zimerudiwa kwa majina tofauti. Ni kweli kasoro zilikuwapo. Hata hivyo wapiga muziki walikipokea cha pili kwa mikono miwili, hata wakawa wanakiita Kitabu tu, bila jina lingine.

Lakini furaha haikukaa. Mwaka wa 1904 alifariki mwanawe Rogers, kijana wa miaka 18. Mungu alimjalia O'Neill watoto 10, lakini wa kiume wote walitangulia mbele ya haki. Mama Anna alishikwa na majonzi, akawa hataki tena muziki ndani ya nyumba. Hebu fikirini: mtu aliyeokoa maelfu ya nyimbo, na nyumbani kwake kimya! Aliheshimu uchungu wa mkewe, lakini kazi hakuiacha. Aliacha upolisi mwaka wa 1905, akaandika habari za maisha ya wanamuziki wenyewe, na mwaka wa 1931 akatoa maktaba yake kwa Chuo Kikuu cha Notre Dame. Alifariki mwaka wa 1936, akiwa na umri wa miaka 87.

Hadi leo wapuliza filimbi wa Ireland, na wa nchi nyingine wanaoupenda muziki huo, hufungua vitabu vyake kutafuta wimbo. Hata hivyo walimu wao huwaonya kwamba kitabu hakitoshi. Mpuliza filimbi lazima avute pumzi, na ili avute lazima aache nota moja. Aache ipi? Kitabu hakisemi. Hilo hujifunzwa kwa kumsikiliza mkubwa aliyekutangulia, kama Francis alivyomsikiliza jirani yake. Kitabu ni mifupa, pumzi ni ya mwenye kupuliza. Lakini bila mifupa, pumzi hiyo ingeshika nini?

Wanachama wenzangu, likizo ikifika tutakwenda makwetu. Huko kuna nyanya na babu wanaojua nyimbo za kubembeleza watoto, za mavuno na za harusi, ambazo hazimo katika kitabu chochote. Usiseme mimi sijui nota. O'Neill naye hakuzijua, akamtafuta anayezijua. Wewe unajua kuandika; anza na maneno, kisha mtafute wa kukuandikia mahadhi. Lakini fanya hima, maana wazee hawatungojei.