Alan Arnold Griffith: Mwanasayansi wa Ufa

Msafiri apitaye Kiboko, kwenye barabara kuu iendayo Mombasa, yumo katika nchi ya Wakamba, ambako wanawake wamefinyanga vyungu tangu jadi. Mfinyanzi huchanganya mchanga na udongo wake, kwani udongo mtupu hunywea ukikauka na kupasuka. Chembe za mchanga hupunguza kunywea huko na kuuzuia ufa usienee. Mhandisi wa seramiki huifikia hekima hiyo kwa hesabu zilizoasisiwa na Alan Arnold Griffith.

Griffith alizaliwa London mwaka 1893, akasomea uhandisi wa mitambo katika Chuo Kikuu cha Liverpool. Mwaka 1915 alijiunga na kiwanda cha ndege cha serikali huko Farnborough. Alitaka kujua kwa nini kioo huvunjika kwa nguvu ndogo mno kuliko ile inayoshikamanisha atomu zake. Alivuta nyuzi za kioo, akaona kuwa kadiri uzi ulivyokuwa mwembamba ndivyo ulivyozidi kuwa imara. Katika makala yake ya mwaka 1921 alieleza kwamba kioo kina nyufa ndogo mno, na kwamba ufa huenea pale nishati inayoachiliwa inapotosha kuunda nyuso mpya. Kwa hiyo, chombo huvunjika kwa ufa wake mbaya zaidi, hata kama sehemu nyingine zote ni nzima.

Baadaye aligeukia injini za ndege, na mwaka 1926 akaandika nadharia ya mapanga ya turbini. Hata hivyo, Frank Whittle alipowasilisha wazo la injini ya jeti mwaka 1929, Griffith alilitilia shaka. Ndege yenye injini ya Whittle iliruka mwaka 1941. Griffith mwenyewe aliitumikia kampuni ya Rolls-Royce kuanzia 1939 hadi 1960, akafariki mwaka 1963.

Taaluma zake mbili zilikuja kukutana baada ya kifo chake. Tangu mwaka 2016, ndege za abiria zimetumia injini zenye vipande vya seramiki iliyotiwa nyuzi. Ufa ukiufikia uzi hugeuzwa njia, nao uzi huendelea kuzishika pande zote mbili.

Wanafunzi wetu wa uhandisi hufundishwa somo hili kwa Kiingereza, ilhali Kiswahili kina ufa, uzi na udongo, pamoja na methali ionyayo kuwa asiyeziba ufa atajenga ukuta. Ni wajibu wa wanaisimu na wahandisi kuketi pamoja, ili maarifa ya Griffith yamfikie pia mfinyanzi aliyetangulia kuyatenda.