Charles Goodyear: jamaa wa mpira aliyekufa anadaiwa

Kuna kijana kaniandikia barua pepe. Anakata majani kwenye nyumba za watu, ana mashine yake ile inayojivuta yenyewe, na mkanda unaovuta magurudumu unakatika kila baada ya wiki chache. Faida yote inaishia dukani kwa spea. Anauliza anunue mkanda gani utakaodumu.

Jibu nitampa, tena la kina, lakini leo naomba tupitie njia ndefu kidogo. Mkanda ni mpira, na mpira unaodumu una mwenyewe. Jina lake mnaliona kila siku kwenye matairi barabarani, na nikiuliza vijana wengi wananiambia alikuwa tajiri mwenye kiwanda. Wapi! Mzee huyu alilala jela kwa madeni kuliko alivyolala kwenye raha.

Charles Goodyear alizaliwa tarehe 29 Desemba 1800 mjini New Haven, jimbo la Connecticut, Marekani. Baba yake, Amasa, alikuwa anatengeneza vifungo na zana za shambani. Kijana akaenda Philadelphia kujifunza biashara ya vifaa vya chuma, akarudi kufanya kazi na mzee wake, na mwaka 1824 akamwoa Clarissa Beecher. Mwaka 1826 wakafungua duka huko huko Philadelphia. Mambo yakaenda vizuri kwa muda mfupi tu, kisha biashara ikafa, mwenyewe akaugua, wadai wakamjia juu. Enzi hizo ukishindwa kulipa deni unafungwa, hakuna mchezo. Akafungwa.

Mwaka 1834 akiwa New York aliingia kwenye duka la kampuni ya mpira ya Roxbury. Akaona maboya ya kujiokolea majini, vali zake hazikumridhisha. Akaenda kubuni vali bora, akarudi nayo akitegemea kupata chochote. Huko akaambiwa ukweli mchungu: tatizo halikuwa vali, tatizo lilikuwa mpira wenyewe. Ikifika kiangazi unayeyuka na kunuka, ikifika baridi unakuwa mgumu kama ubao. Bidhaa zilikuwa zinarudishwa dukani, kampuni inapata hasara kimya kimya.

Mtu mwingine angeondoka zake. Goodyear yeye ndio kwanza akanogewa, na wala hakuwa amesomea kemia. Alipofungwa tena kwa deni akaomba mpira mbichi na kile kijiti cha mkewe cha kusukumia unga, akaanza majaribio humo humo jela. Alipotoka akachanganya mpira na magnesia, akachanganya na chokaa, akajaribu asidi ya naitriki. Mvuke wa majaribio yake nusura umwue.

Ile asidi ilimpa matumaini makubwa. Mpira ulitoka laini, haunati mkononi. Serikali ikampa oda ya mifuko ya kubebea barua, akaitengeneza, ikapendeza kwelikweli. Joto lilipoikuta, ikaharibika yote. Kwa nini? Asidi ilikuwa imetibu ngozi ya juu tu, ndani mpira ulikuwa ule ule mbichi. Kijana wangu wa mkanda, hapo pakumbuke, nitaparudia.

Akiwa Woburn, Massachusetts, alikutana na Nathaniel Hayward, aliyekuwa anachanganya mpira na salfa na kuuanika juani. Goodyear akanunua wazo hilo. Halafu mwaka 1839 mchanganyiko wa mpira na salfa ukagusa jiko la moto. Ulitakiwa uyeyuke, haukuyeyuka. Uliungua kama ngozi, na pembeni ya palipoungua pakabaki mpira imara unaovutika na kurudi. Hapo ndipo alipopata alichokuwa anatafuta miaka yote.

Kwa lugha rahisi, mpira mbichi ni nyuzi ndefu ndefu zimelala ovyo kama tambi kwenye sahani, ukipata joto zinateleza. Ukiuchoma pamoja na salfa, salfa inazifunga nyuzi hizo moja kwa nyingine. Zinavutika, lakini hazikimbiani tena.

Msidhani siku hiyo ndio aliula. Ilimchukua miaka mingine kujua joto kiasi gani na kwa muda gani. Alichomeka mpira kwenye majiko ya watu na matanuri ya viwanda vya wengine, kila anayemruhusu. Nyumbani njaa. Aliuza vitu vya ndani, akauza mpaka vitabu vya shule vya wanawe. Yeye na Clarissa walizaa watoto 12, sita wakafa wakiwa wadogo. Mimi nikifika hapa huwa nasimama. Tunapenda kusifia watu wasiokata tamaa, lakini gharama ya kutokata tamaa kwake ililipwa na mama na watoto ambao hawakuulizwa.

Hati yake ya kumiliki uvumbuzi, namba 3633, aliipata Marekani tarehe 15 Juni 1844. Uingereza alikuwa ameshachelewa. Thomas Hancock alikuwa ameona vipande vya mpira huo, akauchunguza, akajiandikishia huko kwao Novemba 1843. Goodyear akapeleka kesi, akashindwa. Nyumbani Marekani alimshinda Horace Day mwaka 1852 katika kesi kubwa mjini Trenton, akitetewa na Daniel Webster, ambaye wakati ule alikuwa waziri wa mambo ya nje. Kesi alishinda, lakini pesa hazikukaa. Alizimwaga kwenye maonyesho ya London mwaka 1851 na Paris mwaka 1855, akajenga vyumba vizima vya vitu vya mpira. Paris ikamalizikia jela, tena kwa deni, na ni humo humo ilipomfikia nishani ya heshima kutoka kwa mfalme Napoleon III. Nishani mkononi, pingu mlangoni!

Clarissa alifariki mwaka 1853. Goodyear mwenyewe alifariki tarehe 1 Julai 1860 mjini New York, akiwa na miaka 59, safarini kwenda kumwona binti yake aliyekuwa mahututi. Aliacha deni la takriban dola 200,000. Kampuni ya matairi yenye jina lake ilianzishwa mwaka 1898 na Frank Seiberling huko Akron, Ohio, na jina lilikuwa la heshima tu. Ukoo wake haukuwa na hisa humo.

Na sisi huku tuliuonja mpira huo kwa namna yetu. Dunia ilipoanza kupanda baiskeli na magari yenye matairi ya mpira, Leopold wa Pili wa Ubelgiji akawalazimisha watu wa Kongo kugema mpira porini kwa mjeledi na bunduki, wakakatwa mikono, mpaka alipoondolewa umiliki mwaka 1908. Wajerumani nao walipanda mashamba ya mpira upande wa Tanga kabla ya bei kuanguka mwaka 1913. Goodyear alikuwa kaburini zamani, lakini habari ya mpira bila hii ni nusu habari.

Haya, sasa kijana wangu. Kumbuka ile mifuko ya barua: mkanda usiupime kwa kung'aa kwake. Kinachodumu kiko ndani, yaani nyuzi zilizofichwa kwenye mpira. Mikanda ya kawaida ina nyuzi za poliesta. Inafaa kwa kazi nyepesi, ila inatanuka. Kwa kazi ya kila siku ulizia yenye nyuzi za aramidi, jamii ya Kevlar, ambayo Stephanie Kwolek aliigundua DuPont mwaka 1965. Hizi hazitanuki ovyo, na zinastahimili mshtuko mashine inapokwama.

Pia usikubali kuuziwa feni belti ya gari kwa sababu tu inaenea. Kwenye mashine nyingi za majani mkanda unalegezwa na kukazwa kila ukivuta mkono, unateleza kwenye puli kabla ya kushika, na mara nyingine unakunjwa kinyumenyume kwenye puli ya kukazia. Unahitaji mkanda uliovikwa kitambaa imara kwa kazi hiyo. Nenda na namba ya spea iliyo kwenye kitabu cha mashine. Kama kitabu hakipo, pima upana, unene na urefu wa nje, ukijua kwamba mkanda wa zamani umeshatanuka. Mrefu mno utateleza na kuungua, mfupi mno utaua beringi.

Ukiwa dukani ukunje kidogo. Ukiona nyufa ndogo ndogo, rudisha. Huo umekaa rafu miaka.

La mwisho ndilo zito. Mkanda unaokatika kila wiki chache mara nyingi hauna kosa. Zima injini, chomoa waya wa plagi, halafu zungusha puli zote kwa mkono. Puli iliyopinda, beringi inayokwaruza, springi iliyochoka, majani yaliyojaa ndani au oili inayovuja vitamaliza hata mkanda wa bei mbaya. Rekebisha hayo kwanza, ndio ununue.

Wadau, nawaachia swali. Mtu anayeuza vitabu vya wanawe ili dunia ipate mpira, ni shujaa au baba mbaya? Mimi nasema ni vyote viwili. Tupieni maoni yenu hapo chini, bila matusi.