Mario Bava: mutoto wa muchonga sanamu aliyeogopesha dunia

Vijana wetu wa Masisi wanapenda sana filme za walozi na wafu wanaofufuka, lakini wengi hawajasikia jina la Mario Bava. Kumbe ni yeye mumoja wa wale waliofungua hiyo njia.

Alizaliwa Sanremo, inchi ya Italia, tarehe 31 Julai 1914. Baba yake, Eugenio Bava, alikuwa muchonga sanamu, kiisha akajulikana kwa kazi ya kamera tangu wakati filme hazina sauti. Mario alitaka kuwa muchoraji. Lakini uchoraji haukulisha, njo akafuata kazi ya baba: taa, vioo, na namna ya kudanganya jicho.

Miaka mingi alishikia wengine kamera. Katika filme I vampiri ya 1957, Riccardo Freda aliyeiongoza aliacha kazi katikati, Bava akaimaliza. Mule mwanamuke kijana anazeeka mbele ya macho yako. Mikunjo ya uso ilichorwa na rangi nyekundu. Ukiwasha taa nyekundu, haionekani. Ukibadilisha rangi ya taa, inatokea. Na juu filme ilikuwa nyeusi na nyeupe, mutazamaji hakuona taa ikibadilika. Hapo hakuna kompyuta!

Mwaka 1960, karibu na miaka 46, akatoa filme yake mwenyewe, La maschera del demonio. Mulozi anapigiliwa usoni sura ya chuma yenye misumari ndani. Nani aliichonga? Muzee Eugenio. Uingereza waliikataza mpaka 1968.

Feza zilikuwa kidogo kila mara. Mu 1965 alionyesha sayari nzima, Terrore nello spazio, na mawe machache ya bandia, vioo na moshi mwingi. Ukiitazama leo, bado unaogopa.

Lakini kwao Italia walimuona tu fundi wa filme za bei ya chini, na hapo mimi naona walimukosea. Ile iliyomuuma zaidi ni Cani arrabbiati. Aliipiga mu 1974, mwenye kuilipia akaanguka kwa madeni, filme ikafungiwa. Bava akafa mwezi wa Aprili 1980, na miaka 65, bila kuiona ikitoka. Ilitoka kiisha miaka ya 1990.

Mutoto wake Lamberto, aliyekuwa musaidizi wake siku nyingi, alitoa filme yake ya kwanza ya kutisha, Macabro, mwaka ule ule wa 1980.